Wakala wa nje anataka tumpigie filamu za taasisi ya umma: tumjibu nini?

Swali la msomaji: Sisi ni timu ya watu 4: wawili kamera, mmoja sauti, mmoja mhariri. Wakala wa mawasiliano aliye nchi nyingine ameshinda zabuni ya taasisi ya umma kutengeneza filamu fupi 6 kuhusu huduma za afya, kila moja dakika 3. Anataka sisi tupige, yeye ahariri kwake. Barua pepe yake ni fupi: tumpe bei ya siku 5 na orodha ya kamera zetu, na tujue kwamba picha zote zitakuwa mali yake. Tumjibu nini, na tujilinde vipi?

Jibu: Msitume bei bado. Bei ya siku 5 ni jibu la mtu anayekodisha kamera, na mkishajibu hivyo mtahesabiwa hivyo mpaka mwisho wa kazi. Kamera kwake zipo. Asichonacho ni watu wanaopokelewa wanapobisha hodi, wanaojua ruhusa inaombwa kwa nani, wanaoelewa mhojiwa anasema nini na anakwepa nini, na ambao wiki mbili baadaye bado wapo pale ikigundulika kuna picha imekosekana. Mnamwepusha pia na forodha, maana kuvusha vifaa mpakani kunadai hati za kuingiza kwa muda. Hata betri zina masharti yake kwenye ndege: zisizozidi wati-saa 100 hubebwa mkononi, za kati ya 100 na 160 zinahitaji idhini ya shirika la ndege, na za akiba hazikubaliwi kabisa kwenye mizigo ya chini. Bei yenu iseme hayo yote kwa maandishi, kamera iwe mstari mmoja tu ndani yake.

Kabla ya bei, ujueni mnyororo. Juu ipo taasisi, yenye fedha na neno la mwisho. Katikati yupo wakala, mwenye mkataba na taasisi. Chini mpo nyinyi, wenye mkataba na wakala peke yake. Ugomvi mwingi wa kazi hizi unazaliwa hapo: anayeamua hamumjui, na anayewalipa haamui. Kwa hiyo barua yenu ya kwanza iwe ya kuuliza. Ombeni kipande cha hadidu za rejea kinachohusu filamu, si muhtasari aliouandika wakala kwa maneno yake. Ulizeni ni nani, kwa jina na cheo, atakayeidhinisha filamu. Wahojiwa wamechaguliwa na nani, na wenyewe wameshaambiwa? Filamu zitaonyeshwa wapi: tovuti, televisheni, mkutano, simu? Zitazinduliwa lini, na je, tarehe hiyo inagusa kipindi cha uchaguzi? Serikali nyingi hubana mawasiliano yake wakati wa kampeni. Filamu iliyokamilika inaweza kukaa kabatini miezi kadhaa, na kama malipo yenu ya mwisho yamefungwa kwenye uzinduzi, nayo yatakaa huko.

Sasa hesabu. Siku 5 za kupiga si siku 5 za kazi. Filamu ya dakika 3 yenye mhojiwa mkuu, wasaidizi wawili na picha za kutosha za shughuli hula siku nzima kama kila kitu kipo eneo moja. Filamu 6 zitaingia kwenye siku 5 ikiwa tu mbili kati yake zinapigwa mahali pamoja, na hilo mlijue kabla ya kulikubali. Ongezeni siku za kukagua maeneo, siku za safari na siku ya kupanga data. Siku moja ihesabiwe saa 10, kuanzia mnapoondoka hadi mnaporudi, na zinazozidi zilipwe kama saa za ziada. Kisha kuna kazi ambayo karibu kila timu huisahau: kunukuu mahojiano. Saa 1 ya sauti huchukua kama saa 4 hadi 6 kuandikwa neno kwa neno. Mkiwa na saa 1 ya mahojiano kwa kila filamu, hapo pana saa 24 hadi 36 za mtu aliyekaa na vipokea sauti masikioni, na tafsiri haijaanza. Iwe na mstari wake kwenye bajeti. Ikiachwa bila mstari itafanywa usiku, na itafanywa vibaya.

Kwenye malipo kuna jambo moja la kutolegeza: fedha zote mtakazotoa mfukoni, yaani usafiri, malazi, vibali, diski na posho, ziwe zimeshaingia kabla gari halijaondoka. Zinazobaki zigawanyike mnavyopenda, ila awamu ya pili ifungwe kwenye kukabidhi picha, isifungwe kwenye taasisi kuidhinisha filamu. Uhariri hamuusimamii, msisubirishwe na kitu kisicho mikononi mwenu. Kifungu kinachosema mtalipwa baada ya wakala kulipwa ndicho cha kwanza kukikataa. Akishikilia sana, kiwekeeni mwisho: siku 45 tangu ankara, alipwe asilipwe. Na andikeni kiasi kitakachofika kwenye akaunti yenu, si kile kitakachotumwa. Fedha ikivuka mpaka hupitia benki za kati zinazokata ada, na anayetuma asipochagua kulipa ada zote mwenyewe (kwenye fomu za SWIFT ni chaguo la OUR), mkato utawaangukia nyinyi. Ulizeni mapema pia kama nchi yake inakata kodi ya zuio kwa huduma zinazonunuliwa nje, na kama atawapa hati ya makato. Bila hati hiyo mnaweza kutozwa mara mbili.

Tuje kwenye picha zote kuwa zake. Hilo halipaswi kuwashtua. Ni ombi la kawaida na mara nyingi taasisi yenyewe ndiyo inayolidai. Kinachohitaji kuzibwa ni upana wake. Mhojiwa anaposaini fomu anaridhia mradi huu, taasisi hii, matumizi haya, na hamwezi kumkabidhi mtu mwingine kile ambacho mwenyewe hakukitoa. Basi kifungu kiseme kwamba picha mbichi zinahamia kwa wakala na taasisi kwa matumizi yaliyotajwa kwenye fomu za ridhaa, na haziingizwi kwenye maktaba za kuuza picha wala hazipewi mradi mwingine bila ridhaa mpya. Wakala makini atashukuru, kwa sababu kifungu hicho kinamlinda yeye pia. Msidhani vilevile kwamba kwa kuwa fedha ni za umma basi picha ni za kila mtu. Hata Marekani, ambako kazi ya mtumishi wa serikali kuu haina hakimiliki nchini humo, kazi ya mkandarasi haingii humo yenyewe tu. Mkataba ndio unaosema. Ombeni majina yenu yawe mwishoni mwa filamu, na haki ya kuonyesha kazi kama sampuli baada ya kuzinduliwa. Ni vitu rahisi kukubaliwa siku ya kusaini na vigumu kupatikana baada yake.

Kifungu cha fidia kisomeni mara mbili. Mikataba ya mawakala wakubwa huwa inamtaka mkandarasi mdogo abebe hasara yoyote itakayotokana na filamu. Gaweni: nyinyi mnabeba yatokanayo na namna mlivyopiga, kama kuingia bila kibali au kukosa fomu ya ridhaa, wakala anabeba yatokanayo na namna alivyokata, alivyotafsiri na alivyochapisha. Na jumla ya mnachoweza kudaiwa isizidi ada ya kazi.

Kuhusu maoni na marekebisho, wakala atapanga awamu zake na taasisi, lakini zinawagusa kwa mlango wa nyuma. Afisa anaona rasimu, anataka jengo jipya lionekane, wakala anawapigia simu: rudini mkachukue picha moja tu. Picha moja tu ni siku nzima, gari, mafuta na watu wawili. Mkataba utenganishe kosa na badiliko. Picha isiyo kali, sauti yenye kasoro au kitu kilichokuwa kwenye orodha ya picha mkakiacha ni kosa, mnarudi kwa gharama zenu. Kisichokuwa kwenye orodha ni badiliko, kina bei ya siku. Ndiyo maana orodha ya picha isainiwe na wakala kabla ya siku ya kwanza, hata kama anasema hana haja nayo.

Upande wa ufundi, makosa yanayoumiza zaidi hufanyika dakika tano za mwanzo, kwenye menyu ya kamera. La kwanza ni idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazorekodiwa kila sekunde. Maeneo yenye umeme wa hezi 50 huzoea fremu 25 kwa sekunde; wakala wa Amerika Kaskazini huenda anahariri kwa 23.976 au 29.97. Mkipiga 25 naye akaunganisha na 29.97, programu yake italazimika kuongeza fremu 5 hivi kila sekunde, na kamera inapogeuka picha itadunda. Muulizeni kwa maandishi, na wote mpige namba moja. Akitaka 24 nanyi mko kwenye umeme wa hezi 50, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde, isiwe 1/48. Taa za bei rahisi hupwita mara 100 kwa sekunde kwenye umeme huo, na shata isiyopatana na mapigo hayo inaacha mistari inayotambaa ukutani. Kwenye skrini ndogo ya kamera haionekani. Kwenye ukuta mweupe wa zahanati, ndani ya kompyuta ya mhariri, haifichiki. Umeme ukiwa wa hezi 60, tumieni 1/60 au 1/120.

Kubalianeni kama mnapiga logi (picha iliyopauka makusudi ili rangi zitiwe wakati wa uhariri) au rangi ya kawaida. Kama ni logi, tumeni pamoja na picha faili ya LUT, ile inayorudisha rangi za kawaida kwenye logi, mliyokuwa mkiitazamia, la sivyo mhariri ataona picha zilizopauka na kuzipeleka kwa afisa zikiwa zimepauka vilevile. Sauti iwe kHz 48, biti 24, vilele vya usemi vizunguke -12 kwenye kipimo cha desibeli cha kamera, na kila mhojiwa awe na maiki mbili: ya kifuani na ya juu kwenye fimbo. Mkimaliza mahojiano, kabla mtu hajasogeza kiti, rekodini sekunde 30 hadi 60 za ukimya wa chumba. Mhariri wa mbali hawezi kurudi kuuchukua.

Data ipangiwe hesabu, si matumaini. Kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde inatoa GB 45 kwa saa. Ya megabiti 400 inatoa GB 180. Siku 5 zenye kamera mbili zitafika TB 1 bila shida. Kuituma TB 1 kwa intaneti inayopakia megabiti 10 kwa sekunde kunachukua zaidi ya siku 9 usiku na mchana, na hapo hamna hata kukatika. Kwa hiyo tumeni nakala nyepesi za megabiti 5 kila jioni, ambapo saa 1 ya picha ni kama GB 2.25 na inapanda kwa nusu saa, na picha zenyewe ziende kwa diski. Nakala nyepesi lazima ibaki na jina la faili na taimkodi (saa inayoandikwa kwenye kila fremu) ileile ya faili mama. Kijana wa data anayebadilisha majina ili yapendeze ndiye atakayemfanya mhariri aunganishe klipu 600 kwa mkono. Majina mazuri yawekwe kwenye folda: tarehe ikianzia na mwaka, eneo, kamera. Kila kadi inakiliwe mara tatu kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, nakala moja ikilala jengo jingine, kwa programu inayolinganisha faili baiti kwa baiti. Kuburuta kwa kipanya hakuhesabiki. Diski ya safari iwe na usimbaji na nywila itumwe kwa njia nyingine. Na hakuna kufuta nakala zenu mpaka wakala aandike kwamba amefungua na kulinganisha.

Mambo ya kamera yana majibu kwenye vitabu. Mahojiano ndiyo penye kazi, na ndipo thamani yenu ilipo.

Afisa wa taasisi atataka kuwepo. Ana haki, na mara nyingine ndiye aliyefungua mlango. Lakini akisimama nyuma ya kamera, mhojiwa anazungumza naye, si nanyi. Majibu yanakuwa ya mkutano wa hadhara. Kumwambia atoke ni kumvunjia heshima mbele ya watu wake. Mhojini yeye kwanza, asubuhi, kwa kirefu, kisha kamera ya pili imchukue kwenda kuonyesha majengo na vifaa wakati mahojiano ya wengine yanaendelea kwingine. Chumbani wabaki watu watatu: anayeuliza, wa kamera, wa sauti. Maswali ya wakala yatakuja yakiwa na majibu ndani yake, ya aina ya “Mradi umebadilishaje maisha yako?” Msiyatafsiri hivyo. Anzeni na “Ulipofika hapa mara ya mwisho ilikuwaje, tangu getini?” Mtu akisimulia alivyopita dirisha hadi dirisha, badiliko litajitokeza lenyewe kama lipo.

Kisha tafsiri, ambayo ndiyo inayoharibu filamu nyingi bila mtu kujua. Chukulieni mama anasema hivi kwenye taimkodi 00:14:07: “Dawa zipo, siku hizi hatukosi. Kazi ni kumpata wa kukuandikia.” Mkalimani aliyechoka atamwandikia wakala: dawa zinapatikana sasa. Mwenye haraka anaweza kuishika “kazi” kwa maana ya ajira, aandike kwamba mama huyo kazi yake ni kutafuta waandishi. Mhariri asiyejua lugha atakata baada ya “hatukosi”, maana pana mkato mzuri wa pumzi. Filamu inatoka, majirani wanamwona mama akisifia huduma aliyokuwa akiilalamikia, na anayeulizwa maswali sokoni ni yeye. Dawa yake ni jedwali la safu tatu: taimkodi ya kuanza na kuishia kila sentensi, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, na tafsiri kamili pamoja na neno la maelezo pale nahau inapodanganya. Wekeni alama pale penye sentensi mbili zisizopaswa kutenganishwa. Na mkataba useme kwamba rasimu yenye maneno ya wahojiwa inarudi kwenu siku 2 kabla ya kwenda kwa taasisi, muikague lugha peke yake. Mawakala hukubali haraka, kwa kuwa aibu ya manukuu mabovu, yale maandishi ya chini ya picha, ni yao.

Kabla ya kubonyeza kitufe, mtu mmoja aangalie kingo za fremu. Ofisi za umma zimejaa vitu visivyopaswa kuonekana: rejista iliyo wazi, skrini yenye majina, faili lenye namba ya mgonjwa, orodha ya zamu ukutani, mgonjwa mwingine kwenye benchi ambaye hakuna aliyemwuliza. Kutia ukungu baadaye kunawezekana, lakini kunaipa filamu sura ya taarifa ya polisi. Pigeni pia toleo la kila tukio lisilo na sura ya kiongozi. Viongozi huhamishwa, na filamu yenye waziri wa jana hushushwa kwenye tovuti hata kama mengine yote ni mazima. Takwimu nazo zisitoke mdomoni mwa mtu. Ziwekwe kama maandishi wakati wa uhariri, baada ya taasisi kuzithibitisha kwa barua, ili mwakani zibadilishwe bila kupiga upya.

Ridhaa si saini. Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa lugha anayoisoma mhojiwa, na kwa asiyesoma isomwe mbele ya shahidi huku kamera ikirekodi. Iseme filamu ni ya nani, itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na kwamba kukataa hakutagusa huduma anayopata. Sentensi hiyo ya mwisho kwenye kituo cha afya ina uzito kuliko zote, na isemwe na nyinyi, si na muuguzi anayemtibu. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe aulizwe. Wakala akiwa wa Umoja wa Ulaya, sheria yake ya ulinzi wa data, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inamfuata hadi huko mliko: sura na sauti ya mtu anayetambulika ni data binafsi, taarifa za afya zina ulinzi wa ziada, na anayeridhia ana haki ya kuondoa ridhaa. Fidia ya nauli na muda ipangwe kabla, iwe sawa kwa wote, ilipwe hata kama mtu amekataa kurekodiwa dakika ya mwisho. Ikilipwa baada ya mahojiano, tena kwa viwango tofauti, inageuka kuwa malipo ya jibu zuri.

Ulizeni pia nani anatengeneza manukuu ya viziwi. Taasisi nyingi za umma zinabanwa na sheria kuyaweka kwenye video za tovuti zao, na jedwali lenu la mahojiano linaweza kuwa faili la manukuu kwa nusu siku ya kazi: mistari isiyozidi miwili, kama herufi 42 kila mmoja, maandishi yenye ulinganuzi (tofauti ya mwangaza) wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya kinachoonekana nyuma yake. Iuzeni kazi hiyo, msiitoe kama nyongeza. Wakati wa kupiga, acheni nafasi chini ya kidevu cha mhojiwa ili maandishi yasimfunike.

La mwisho ni namba ya simu iliyo kwenye fomu ya ridhaa. Wakala ataweka ya msimamizi wa mradi, ambaye mradi ukiisha anahama na simu inazimwa. Mhojiwa akitaka kuondolewa mwaka ujao atawatafuta nyinyi, maana nyinyi ndio anaowafahamu sura, nanyi hamna uwezo wa kugusa tovuti ya taasisi. Fomu iwe na namba ya ofisi ya taasisi itakayokuwepo, kila mhojiwa abaki na nakala yenye namba yake ya fomu, na mkataba useme ombi likifika wakala analipeleka na filamu inashushwa au kukatwa upya ndani ya siku 14, kwa gharama zake. Nyinyi mkabidhiwe orodha ya anwani zote za mtandaoni ambako kila filamu imewekwa, siku hiyohiyo inapozinduliwa.